Muulize Katekista: Somo wetu ana tarehe mbili, tuandike ipi?

*Katekista, Tumsifu Yesu Kristo. Somo wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Mathias Mulumba. Mwenyekiti anasema alifariki 30 Mei, lakini parokiani anaadhimishwa 3 Juni pamoja na jumuiya ya Karoli Lwanga. Tunashona bango jipya na fundi anasubiri tarehe. – Mama wa jumuiya, Pasua, Moshi*

Milele na milele, mama. Fundi aandike 3 Juni. Mwenyekiti naye hajakosea.

Kanisa kwa kawaida humkumbuka mtakatifu siku aliyokufa, maana ndiyo siku aliyozaliwa mbinguni. Sasa, Mulumba ni mmoja wa Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 waliouawa kwa ajili ya imani yao, na hawakufa siku moja. Wa kwanza, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa 15 Novemba 1885. Wa mwisho, Yohane Maria Muzeeyi, 27 Januari 1887. Lakini 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwachoma wengi kwa pamoja kule Namugongo. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alitengwa akachomwa peke yake, moto ukianzia miguuni taratibu. Kizito, kijana wa miaka kama 14 ambaye Lwanga alikuwa amembatiza siku chache tu kabla, alichomwa pamoja na wenzake. Siku hiyo ndiyo ikawabeba wote 22.

Linaloniuma ni hilo neno "na wenzake". Kila mwaka tunasoma "Karoli Lwanga na wenzake", tunakaa, basi. Wenzake akina nani? Mimi watoto wa kipaimara huwasomesha majina yote 22, kila mtoto jina lake, wengine wote wakiitikia "utuombee". Baridi ya Juni hapa kwetu mnaijua, watoto wamejikunyata ndani ya masweta, ulimi unakwama kwenye jina la Ssebuggwawo, tunarudia mpaka litoke sawasawa. Na huwa nawaambia habari za Waanglikana 23 waliouawa katika mateso hayohayo. Papa Paulo VI mwenyewe aliwataja alipowatangaza hawa wetu kuwa watakatifu, 18 Oktoba 1964. Jirani yako Mwanglikana naye anawakumbuka 3 Juni, mwalike.

Mulumba wenu alikuwa mtu mzima mwenye familia. Alipita kwanza kwenye Uislamu, kisha kwa Waprotestanti, ndipo akabatizwa Mkatoliki mwaka 1882. Walimkata mikono na miguu, wakafunga mishipa ili asife upesi, wakamwacha porini, pale panapoitwa leo Old Kampala. Inasimuliwa kwamba wakata matete walimsikia akiomba maji, wakakimbia kwa hofu.

Kwa hiyo misa na ndizi za sherehe ziwe 3 Juni. Ila jioni ya 30 Mei kutaneni nyumbani kwa mmoja wenu, msali rozari, mtu mmoja asome habari zake polepole. Kwangu siku hiyo tunaweka jagi la maji mezani, na kabla ya kula kila mtu anamiminiwa kikombe.