Mwenye Picha Si Lazima Awe Mwenye Haki: Kuchapa Vitabu vya Sanaa na Makumbusho

Kitabu cha kwanza cha sanaa nilichokichapa kwa ubia na makumbusho, ambayo sitayataja, kilichelewa miezi minne kwa sababu ya picha tatu tu. Sote tuliamini kwamba makumbusho hayo, kwa kuwa yalizinunua picha hizo na kuzitundika ukutani miaka mingi, yangeweza kuturuhusu kuzichapa. Kumbe kununua picha si kununua hakimiliki. Hiyo hubaki kwa msanii isipokuwa ameihamisha kwa maandishi, na akifariki huwaendea warithi. Warithi tuliwapata na walikubali kwa moyo mweupe, lakini kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa upya mara mbili. Tangu hapo sipangi hata ukurasa mmoja kabla ya kuwa na orodha ya kila kazi, jina la mwenye haki, na barua yake yenye saini. Ruhusa ya makumbusho ya kupiga picha ni barua nyingine kabisa, na zote mbili zinahitajika.

Somo la rangi nililipata kwenye michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za baiskeli, na wengi waliomfuata wameendelea nazo. Rangi hizo humeremeta kama kioo, kwa hiyo taa ikikaa karibu na kamera, nusu ya ndege aliyechorwa hupotea ndani ya mng'ao. Weka taa mbili kushoto na kulia, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45, kisha omba kiwanda kikupe sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile ya kitabu, uipeleke makumbusho na kuilinganisha na mchoro wenyewe mbele ya mhifadhi, yaani mtaalamu wa makumbusho anayezitunza kazi hizo. Skrini ya kompyuta hudanganya, hasa kwenye rangi ya chungwa na buluu kali. Mhifadhi huyohuyo apitie maelezo ya kila picha, maana zipo kazi nyingi zenye saini ya Tingatinga ambazo mkono wake haukuzigusa.

Kuhusu fedha, mkataba useme nani anamlipa mpiga picha, makumbusho yatachukua nakala ngapi na kwa bei gani dukani kwao, na nani ataamua kuchapa tena. Nakala za bure za msanii au warithi ziandikwe humohumo kwa idadi. Mimi huandika 10.