Kikaoni wote walikubali, mbona hakuna kinachofanyika?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mkuu wa skuli ya msingi, Wilaya ya Wete, Pemba, nimehamishiwa hapa mwaka huu. Nilileta mambo mawili: walimu watembeleane madarasani kila wiki, na darasa la sita wabaki kwa masomo ya ziada alasiri. Kikaoni hakupinga mtu. Sasa daftari la ziara ni tupu na watoto hawabaki. Nikaze au niache?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. La alasiri jawabu lake fupi: saa hizo watoto wako chuoni, yaani madrasa. Ukigombania muda na Kurani, hata kamati ya skuli haitakuwa upande wako. Kaa na mwalimu wa chuo, sheha, kiongozi wa shehia, awepo, mpange saa. Na msimu wa karafuu usiusahau, watoto huenda kuchuma.

La kutembeleana ndilo zito. Anayekupinga mdomoni umeshajua anaogopa nini. Anayesema "sawa, mkuu" akaondoka, huna la kumjibu. Na wana sababu. Kwetu mtu anayekaa nyuma ya darasa na kalamu ni mkaguzi. Tena Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wapo walimu wanaokipapasa Kiingereza chenyewe. Nani anataka mwenzake amuone akikwama mbele ya watoto?

Kwa hiyo atembelewe kwanza mkuu. Chukua kipindi cha hesabu za sehemu (nusu, robo) darasa la tano, waite walimu wawili, ukimaliza waulize: watoto walinipotea wapi? Wakikwambia kweli, usijitetee. Hapo ndipo utapata wa pili wa kujitolea. Daftari liondoe, ukidai sahihi utaletewa sahihi. Kama skuli ina mikondo miwili, waoanishe walimu wa mkondo mmoja, maana wa asubuhi na wa mchana hupishana mlangoni tu.

Jambo moja wakuu wengi hulificha: mtafiti wa Kanada Michael Fullan ameonyesha kwamba mabadiliko yakianza, mara nyingi kazi huyumba kabla ya kutengemaa, kwa sababu watu wanajifunza upya. Iambie kamati mapema, kabla ya mtihani, si baada ya matokeo. Na kwa kuwa uhamisho haupigi hodi, ratiba ya ziara mkabidhi msaidizi wako tangu sasa, aiendeshe yeye.