Kipande cha bendera kwenye fremu: cha kweli au fiksi?

SWALI: Mambo vipi mhariri, mimi niko Baltimore, Marekani, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, sasa kuna bibi mmoja kanipa zawadi ya fremu ndogo, ndani kuna kitambaa chekundu saizi ya stempu mbili hivi, kimefifia mpaka kinaelekea kahawia, nyuma kuna karatasi imeandikwa kwa wino eti ni kipande cha bendera ya Fort McHenry ya 1814. Wabongo wenzangu wananicheka, wanasema bendera iko makumbusho nzima kabisa, sasa hiki changu kimetoka wapi?

JIBU: Hao wanaokucheka hawajaiangalia vizuri. Bendera hiyo ni ya Fort McHenry, ngome ya hapo Baltimore ambayo Waingereza waliipiga mabomu usiku kucha Septemba 1814, na ndiyo iliyozaa wimbo wa taifa wa Marekani. Iko Smithsonian, makumbusho ya taifa kule Washington, kweli, ila nzima siyo. Aliishona mama Mary Pickersgill hapohapo Baltimore mwaka 1813, na kati ya waliomsaidia ni binti mweusi wa mkataba wa utumishi, Grace Wisher. Ilikuwa futi 30 kwa 42, leo urefu umebaki kama 34. Nyingine zilichakaa, ila mkasi nao ulifanya kazi kubwa! Bendera ilibaki kwa familia ya kamanda wa ngome, George Armistead, na enzi hizo kukatiwa kipande ilikuwa heshima, mjane wa askari mmoja aliomba ili mumewe azikwe nacho, basi ndo mlango ukafunguka, mpaka binti wa kamanda, Georgiana, naye akawa anagawa. Hata nyota moja kati ya 15 ilikatwa na mpaka leo haijulikani iliko.

Kwa hiyo chako kinawezekana. Chukua lenzi uangalie nyuzi: milia ilikuwa ya sufu iliyofumwa kiwaziwazi, nyota tu ndo pamba, kwa hiyo ukikuta pamba nyekundu funga mjadala. Kama kuna mshono uwe wa mkono, maana 1813 hakukuwa na cherehani majumbani. Rangi waachie wataalamu, rangi za viwandani zilianza 1856 na maabara wanazijua. Na tafadhali usichome uzi kwa kiberiti eti unajaribu.

Karatasi ndo yenye uzito zaidi. Tafuta jina: Armistead, Appleton (ndoa ya Georgiana), au Preble, ofisa wa jeshi la maji aliyeipiga picha bendera kule Boston 1873 na akapata vipande vyake. Kama imetaja nani alimpa nani na mwaka gani, una pa kuanzia. Ila kuna mtego hapo, ngome ilikuwa na bendera mbili, mama yuleyule alishona na ndogo ya futi 17 kwa 25 ya hali mbaya ya hewa, na usiku ule wa mabomu mvua ilinyesha, ndo maana wengi wanaona ndogo ndo ilikuwa juu na kubwa ikapandishwa asubuhi ya Septemba 14. Karatasi inayosema "Fort McHenry" peke yake haimalizi kesi.

Usikitoe kwenye fremu, kiweke mbali na jua la dirishani, kipige picha mbele na nyuma uwaandikie Smithsonian, wana vipande vyao vya kulinganishia. Na kabla ya yote mwombe huyo bibi akuandikie barua kwamba amekupa kwa hiari yake, na wanawe wajue, maana kikishathibitika ni chenyewe utashangaa ndugu watakavyoongezeka.