Seva Inapoukataa Ufunguo Wako wa SSH, Usikimbilie Kutengeneza Mwingine

Mwaka 2021, nikiwa Dar es Salaam, nilikuwa ninatunza programu ndogo ya kukusanya ada za shule, iliyowekwa kwenye seva moja ya kukodi katika wingu. Jioni moja, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, nilitaka kuweka hewani marekebisho ya risiti, nikaandika amri ile ile niliyoizoea kila wiki ya kuingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva ukiwa mbali, na seva ikanijibu "Permission denied", likifuatiwa na neno publickey. Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachowaona waprogramu wengi wakikifanya hadi leo: nilitengeneza jozi mpya ya funguo, wa siri unaobaki kwenye kompyuta yangu na wa umma unaowekwa kwenye seva, nikaubandika ufunguo wa umma kwenye akaunti yangu kwa mtoa huduma, nikajaribu tena na nikakataliwa tena. Nilirudia hivyo mara tatu. Saa tatu zilipotea, wazazi wakaendelea kupokea risiti zenye kiasi kisicho sahihi, na tatizo halikuwa la ufunguo hata kidogo.

Mchana wa siku hiyo hiyo programu ilikuwa imeshindwa kuhifadhi picha za wanafunzi, nami kwa haraka nikaandika chmod -R 777, amri inayompa kila mtumiaji wa mashine ruhusa zote, kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji wa seva. Picha zikakubali, nikaendelea na shughuli nyingine. Sikujua kwamba, kabla ya kuusoma ufunguo wowote, SSH hukagua nani ana ruhusa ya kuandika katika folda ya nyumbani, katika folda ya .ssh iliyomo ndani yake, na katika faili la authorized_keys, lenye orodha ya funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia. Sababu yake ni ya msingi: ikiwa mtumiaji mwingine yeyote wa mashine ile anaweza kuliandika faili hilo, anaweza pia kuongeza ufunguo wake humo na kuingia kwa jina langu. Kwa hiyo seva ililikataa faili zima, pamoja na ufunguo wangu halali uliokuwa ndani yake. Kosa lilikuwa langu, na seva ilikuwa ikifanya kazi yake.

Kuhusu zile funguo tatu mpya, nilijifunza baadaye kwamba hazikuwahi kufika kwenye seva. Kwa watoa huduma kadhaa wakubwa, DigitalOcean na Amazon wakiwemo, ufunguo unaousajili kwenye akaunti yako huingizwa ndani ya seva wakati seva inaundwa, na kuuongeza baadaye kwenye ukurasa wa akaunti hakubadilishi chochote katika seva ambayo tayari inafanya kazi. Nilikuwa ninabisha kwa funguo ambazo seva haikuwahi kuziona.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, nao ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wote, ni huu: usitengeneze ufunguo mpya kabla hujajua ule wa zamani umekataliwa kwa nini. Ufunguo mpya hukuongezea jambo la pili la kutilia shaka wakati hujamalizana na la kwanza.

Ujumbe unaouona kwenye kompyuta yako ni mfupi kwa makusudi. Seva haiwezi kumweleza mtu asiyejulikana kwamba jina alilotaja halipo, au kwamba ruhusa za folda zimekaa vibaya, kwani maelezo hayo yangemfaa mvamizi kuliko yangekufaa wewe. Sababu yenyewe huandikwa upande wa pili, kwenye kumbukumbu za seva. Katika Ubuntu hupatikana kwenye /var/log/auth.log, katika mifumo ya jamii ya Red Hat kwenye /var/log/secure, na katika Debian 12, ambayo kwa kawaida haiji na faili la auth.log, utazisoma kwa amri ya journalctl -u ssh. Watoa huduma wengi wana dirisha la amri linalofunguka kwenye kivinjari bila kupitia SSH. Nilipolifungua hatimaye usiku ule, mstari wa mwisho ulisomeka hivi: "Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/deploy", yaani umiliki au ruhusa za folda ya nyumbani ya mtumiaji deploy si sahihi. Nilirudisha folda ya nyumbani kwenye 755, folda ya .ssh kwenye 700 na authorized_keys kwenye 600, namba zinazomwachia mwenye folda peke yake ruhusa ya kuandika, nikaingia kwa ufunguo wangu wa zamani. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika moja. Iliyochukua muda ilikuwa kuyapitia mafaili mengine yote ambayo amri ile ya 777 ilikuwa imeyaacha wazi, likiwemo lile lenye nenosiri la hifadhidata.

Kabla ya kufika kwenye kumbukumbu, hata hivyo, hakikisha kwamba kweli umekataliwa ufunguo. Nimepokea simu nyingi za watu wanaosema "SSH imegoma", kumbe kila mmoja ana tatizo lake. Ukiona "Connection timed out", ufunguo wako haujafika popote. Tazama anwani ya seva na ukuta wa moto (firewall) wa mtoa huduma, kwani mara nyingi mlango namba 22, ambao SSH huupitia, haujafunguliwa kwa mtandao unaoutumia. "Connection refused" ina maana kwamba mashine imefikiwa, lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango huo. Na "Host key verification failed" ni kinyume kabisa cha kukataliwa: ni kompyuta yako inayoikataa seva, kwa sababu utambulisho wake haulingani na ule iliouhifadhi au haijawahi kuuona. Mwezi Machi 2023 waprogramu wengi duniani walikutana na onyo la namna hii pale GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo, ilipobadilisha ufunguo wake wa aina ya RSA, baada ya ufunguo wa siri kuonekana kwa muda mfupi katika hazina ya wazi. Onyo hilo lisifutwe kwa mazoea. Linganisha alama ya utambulisho na ile iliyotangazwa na mwenye seva, kisha ndipo uifute ya zamani.

Ukiwa na hakika kwamba ni ufunguo, ongeza -v, inayoonyesha kila hatua, kwenye amri yako na usome kwa utulivu. Mistari mingi haitakuhusu. Tafuta wenye maneno "Offering public key", kisha uangalie kama unafuatwa na "Server accepts key". Ikiwa faili la ufunguo wako halitajwi kwenye mstari wowote wa "Offering public key", tatizo liko kwenye kompyuta yako, kwani hujautoa ufunguo huo kabisa. Ikiwa umetolewa lakini haukukubaliwa, hamia upande wa seva. Na ikiwa umekubaliwa kisha kuingia kukashindikana, chunguza ufunguo wa siri: pengine nenosiri lake limekosewa, au faili lenyewe halilingani na ufunguo wa umma ulio kando yake. Kwa mistari hiyo miwili tu ninaokoa zaidi ya nusu ya muda niliokuwa ninaupoteza zamani.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni jina la mtumiaji. Seva za Ubuntu kule Amazon hutumia jina ubuntu, zile za Amazon Linux hutumia ec2-user, na za DigitalOcean huanza na root, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Usipotaja jina, SSH hutumia jina lako la kwenye kompyuta yako, ambalo seva hailijui. Linalofanana na hilo ni matumizi ya sudo, amri ya kutenda kama root: ukiandika sudo git pull kwenye seva, anayekwenda kuchukua msimbo ni root, naye hutafuta funguo zake katika folda yake mwenyewe, wala hazioni ulizoziandaa wewe.

Wengine hukwama kwa kuwa na funguo nyingi mno. Seva huruhusu majaribio sita kwa kawaida, na wakala wa funguo (ssh-agent), programu inayokutunzia funguo kwenye kompyuta yako, huzitoa moja baada ya nyingine. Kama ufunguo sahihi ni wa nane, utafukuzwa kabla haujafikiwa. Andika katika faili la .ssh/config jina la seva, ufunguo wake, na mstari wa IdentitiesOnly yes, unaoiambia SSH itoe ufunguo huo pekee.

Sasa nije kwenye jambo linalonisikitisha kila ninapolikuta, nalo ni namna tunavyotumiana funguo. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alinitumia ufunguo wake wa umma kwa WhatsApp, nami nikaunakili kutoka kwenye simu na kuubandika kwenye authorized_keys. Ulikataliwa. Nilipotazama kwa karibu, ufunguo ulikuwa umevunjika katika mistari mitatu, ilhali unapaswa kuwa mstari mmoja usiokatika. Badala ya kulinganisha herufi kwa macho, tulitumia amri ya ssh-keygen -lf kila mmoja upande wake, ambayo hutoa alama fupi ya utambulisho wa ufunguo. Zikifanana ni ufunguo mmoja, zisipofanana hakuna haja ya kubishana. Ufunguo wa umma hauna siri, kwa hiyo hapo tulipoteza muda tu. Lakini nimeona pia watu wakitumiana ufunguo wa siri kwenye kundi lenye wajumbe kumi na tano ili "wote waweze kuingia". Ufunguo huo hesabu kwamba umevuja. Uondoe kwenye kila seva siku hiyo hiyo, na kila mtu awe na wake, kwani ufunguo wa siri haukusudiwi kusafiri: kompyuta yako huutumia kutia saini, na saini ndiyo inayokwenda kwenye seva.

Kwa wanaoweka programu hewani kwa mifumo ya kujiendesha, ufunguo wa siri hubandikwa kwenye sehemu ya siri za mradi, na hapo huharibika kwa urahisi. Nafasi ya mstari mpya mwishoni ikikatwa, au mistari ikihifadhiwa kwa mtindo wa Windows, utapata kosa lenye maneno "error in libcrypto" ambalo halikuelezi lolote. Jaribu ssh-keygen -y -f ikifuatiwa na jina la faili, ndani ya mfumo huo huo. Ikishindwa kukutolea ufunguo wa umma, faili limeharibika, na hakuna utakachorekebisha kwenye seva kitakachosaidia.

Liko pia tatizo la umri. Mwaka 2022 nilihamia Ubuntu 22.04, na seva moja ya zamani ya mteja, yenye CentOS 6, ikaacha kunipokea ingawa ufunguo wangu haukubadilika. Tangu toleo la 8.8 lililotoka mwaka 2021, OpenSSH, programu ya SSH iliyo kwenye mashine nyingi, haitumii tena kwa kawaida saini za RSA zinazotegemea SHA-1, mbinu ya zamani iliyodhoofika, na seva ile haikujua saini za aina nyingine. Kwenye matokeo ya -v utaona "no mutual signature algorithm". Niliruhusu saini ya zamani kwa seva ile peke yake, kwa mistari ya HostKeyAlgorithms +ssh-rsa na PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa, nikamwandikia mteja siku hiyo hiyo kumwomba tuihame. Kwa ufunguo mpya wowote chagua aina ya Ed25519, ambayo OpenSSH inaifahamu tangu mwaka 2014.

Na unapobadilisha chochote kwenye seva, iwe ni authorized_keys au mipangilio ya SSH yenyewe, usifunge dirisha ulilomo. Kagua mipangilio kwa sudo sshd -t, washa huduma upya, kisha fungua dirisha la pili na ujaribu kuingia kama mtu mpya. Dirisha la kwanza lifungwe tu baada ya la pili kuingia.