Kabla hujaandika jina kwenye picha ya gemu unayoipenda

Picha ya kwanza ya gemu niliyoitengeneza kwa moyo wangu wote ilikuwa bango la Grand Theft Auto, toleo la mtaani kwetu Zanzibar. Mashabiki wa gemu hii nchi nyingi wana mtindo huo: unapiga picha mji wako, unaipaka rangi kama katuni, unaigawa vipande vipande mfano wa jalada la gemu, kisha katikati unaandika jina. Niliweka majumba ya Michenzani jua likizama, mdogo wangu kasimama mbele kakunja mikono. Nikaandika NG'AMBO, jina la upande wetu wa mji, kwa ule mwandiko wa kale wenye pembe kali, kama wa jina la San Andreas, toleo la gemu hiyo la mwaka 2004. Picha ilitoka vizuri sana. Jina ndilo lililoiangusha.

Mama aliishika mkononi, akaitazama kwa muda, akauliza imeandikwa lugha gani.

Kosa la kwanza lilikuwa kuandika kwa herufi kubwa tupu. Mwandiko ule umetokana na waandishi wa Ulaya walionakili vitabu kwa mkono, na herufi zake kubwa zina mikunjo mingi kwa sababu kazi yake ni kufungua neno. Ukizipanga mfululizo, jicho halina pa kushika. Tazama vizuri jina la San Andreas: S na A ndizo kubwa, zilizobaki zote ni ndogo.

Kosa la pili ndilo linalotugusa sisi zaidi. Fonti ile ya bure, yaani seti ya herufi niliyoandikia jina, haikuwa na ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng'. Programu ikaazima ya fonti nyingine bila kuniambia, kikatokea kijistari chembamba kama sindano kati ya herufi nene. Kwenye kioo cha simu sikukiona. Kwenye karatasi kilionekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Tangu hapo siipendi fonti kabla sijaijaribu kwa maneno yetu. Mstari wangu wa majaribio ni huu: Ng'ang'ania WATAYAVUA vyangu 0123456789 ?! Naangalia kwanza kama ritifaa ipo na kama tarakimu zimo, kwa sababu fonti nyingi zinazoiga nembo za gemu zina herufi tu, tena kubwa peke yake. Kisha naangalia nafasi kati ya W na A, A na Y, A na V. Kiswahili kimejaa WA, YA na VYA, na herufi hizi zina mistari ya mshazari, kwa hiyo zikikaa jirani huacha pengo. Fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu huzisogeza zenyewe. Nyingi za bure hazifanyi hivyo, na neno kama MWANZA linasomeka kama maneno mawili: MW, halafu ANZA. Sogeza kwa mkono. Kwenye Photoshop weka kishale cha kuandikia kati ya herufi hizo mbili, shikilia Alt, bonyeza mshale wa kushoto mpaka pengo lilingane na mengine. Kama unafanyia kwenye simu kwa PixelLab, andika neno kwa vipande viwili kisha uvisogeze. Ritifaa ikikosekana, andika mkato wa fonti ileile kwenye tabaka (layer) lake, uupandishe juu mpaka ulingane na vichwa vya herufi. Huwezi kujua kama haikuwemo.

Sasa, fonti gani kwa gemu gani? Mimi najiuliza kwanza gemu hiyo inaongea kwa sauti gani. Somo zuri kuliko yote nililipata kwenye Undertale ya mwaka 2015. Kuna ndugu wawili mifupa mitupu, Sans na Papyrus, na maneno yao yanatokea kwenye skrini kwa Comic Sans na Papyrus, fonti walizopewa majina yake. Mmoja anaongea kwa herufi ndogo tu, mvivu asiye na haraka. Mwenzake kwa herufi kubwa tu, kila sentensi ni tangazo. Mchezaji anajua nani kasema hata kabla ya kuona sura. Comic Sans inasemwa vibaya kila kona na watu wa usanifu, lakini mchoro wa shabiki wa Sans ukiuandikia fonti nyingine, umemnyang'anya sauti yake.

Kwa upande wa Grand Theft Auto, herufi zinazojulikana ni Pricedown, kazi ya Ray Larabie wa Kanada, na inapakuliwa bure. Itumie kwa jina tu. Naona mabango mengi ambayo jina, tarehe, mahali na namba ya simu vyote vimeandikwa Pricedown, na hakuna kinachosomeka. Habari ziandike kwa fonti ya kawaida isiyo na madoido.

Gemu za zamani zina kanuni yake, na hapa nawaomba mnisikilize. Fonti inayotumika sana ni Press Start 2P ya CodeMan38, iliyoiga herufi za gemu za kampuni ya Namco za miaka ya 1980. Iko Google Fonts, maktaba ya fonti za bure ya Google. Kila herufi imechorwa ndani ya mraba wa pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 8 kwa 8, kwa hiyo ukubwa wake ni 8, 16, 24, 32, uende hivyo nane nane, na upime kwa pikseli. Ukiweka 20, kila kijiraba cha herufi kinataka pikseli mbili na nusu, na nusu pikseli haipo. Programu inajaza kijivu hapo, kingo zinaota ukungu, na ule ukali uliokuvutia unapotea. Zima pia ulainishaji wa kingo kwenye kifaa cha kuandikia.

Mstari wa ukingo unaozunguka herufi usiuache uingie ndani, kwa kuwa unakula unene na mashimo ya A na B yanaziba. Nakili tabaka la maneno, la chini lipe mstari mnene, la juu liache safi. Halafu punguza picha nzima mpaka iwe na upana wa kidole gumba. Picha ya jalada la video ya YouTube unaitengeneza kwa pikseli 1280 kwa 720, lakini mtu anaiona kwenye simu ikiwa ndogo kabisa. Jina lisiposomeka hapo, ongeza unene au punguza maneno.

Suala la leseni nililijua kwa hasara. Mwenye banda la gemu alinilipa nimtengenezee bango la mashindano, nikatumia fonti niliyokuwa nimeizoea kwenye michoro yangu ya kujifurahisha. Kazi imeshachapwa ndipo nikafungua faili dogo la maandishi lililokuja nayo: matumizi binafsi tu. Nililirudia bango zima kwa pesa yangu. Press Start 2P ina leseni ya wazi ya shirika la SIL, inayokuruhusu hata kuuza kazi yako, ila usiiuze fonti yenyewe peke yake. Nyingine kila moja ina masharti yake, na masharti hayo yamo kwenye faili lile. Usilifute. Liweke folda moja na picha.