Usimnyoe punda kwa ajili ya joto

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama ununue mashine ya kunyolea kabla joto la kaskazi halijakolea, ili punda wako wawili wa kubeba mchanga na wale kondoo sita wapate nafuu, kwa kuwa umeona video za farasi wa Uingereza wakinyolewa mwili mzima. Mimi nafuga punda hapa Lamu, mtaa wa Langoni, tangu niliporithi wa kwanza kwa marehemu babu. Hiyo pesa nakuomba usiitoe.

Wale farasi wana sababu yao. Kule mchana ukianza kufupika, mwili wa farasi unajua baridi inakuja na manyoya yanakuwa mazito. Akifanyishwa kazi hivyo anatota jasho lisilokauka upesi, baridi inamwingia. Ndiyo maana wananyoa, kisha wanamvika blanketi. Huku kwetu, nyuzi 2 na kitu kusini ya ikweta, na nyinyi 3, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Punda wetu haoti koti la baridi la kuvuliwa. Yale manyoya ndiyo kivuli chake, na ndiyo godoro kati ya ngozi na mzigo.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilinyoa. Ilikuwa Januari, jua la kutoboa utosi, nikamwonea huruma Shwari, punda wangu wa kijivu. Nikachukua mkasi wa cherehani wa mke wangu nikamkata mgongo mzima, karibu na ngozi kabisa. Siku ya nne, nilipoinua shogi, ule mfuko wa mzigo unaokaa mgongoni, ngozi juu ya uti wa mgongo ilikuwa imetutumka, na kwapani inakopita kamba pamechubuka, nzi wameshatua. Kesho yake aliponiona naja na shogi alirudi nyuma mpaka makalio yakagonga ukuta. Hakupiga teke, hakulia. Alirudi nyuma tu. Mpaka leo linaniuma.

Nilimpeleka kwenye kliniki ya punda iliyofunguliwa hapa mjini mwaka 1987. Tabibu akamsafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akaniambia asibebe kitu mpaka ngozi ifunge. Zilipita wiki tatu. Hiyo pepopunda usiichukulie kirahisi: vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na samadi, na punda wetu analala humo humo. Kidonda kidogo kinamtosha.

Kinachompoza punda ni kivuli, maji ya kunywa na kusuguliwa. Jioni kazi ikiisha tunawaogesha baharini, lakini usimwache hivyo. Chumvi ikikauka chini ya matandiko inakuwa msasa, kwa hiyo mmwagie maji ya kisima, hata ndoo moja, hasa mgongoni na kwapani. Akikauka, chukua burashi ngumu au kumbi la nazi, sugua kufuata ulalo wa manyoya kuanzia shingoni. Yaliyokufa yatatoka yenyewe. Halafu weka burashi chini, pitisha kiganja kitupu pale matandiko yanapokaa. Kiganja kinaona punje ya mchanga, kupe na uvimbe unaoanza, vitu ambavyo jicho linavipita. Mimi hili silifanyi jioni tu. Asubuhi kabla ya kufunga mzigo narudia.

Masika ndiyo yenye kazi zaidi. Manyoya ya punda hayamwagi maji kama ya farasi, mvua inapenya mpaka kwenye ngozi, hivyo lazima awe na paa, hata la makuti, na mahali pakavu pa kusimama. Kwato zikishinda kwenye tope zinaoza na kunuka. Zikwangue kila siku. Kuzikata ni kila wiki sita hadi nane, na umwite anayejua, asije mtu na panga.

Mkasi una mahali pake: kupunguza manyoya yaliyogandamana kuzunguka kidonda ili dawa ifike. Na ukiwa na punda mzee ambaye manyoya yanarefuka na kujikunja bila kupukutika, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda ni ugonjwa, si joto.

Kondoo ni rahisi. Kama ni wale wa kichwa cheusi na mkia wa mafuta, wana manyoya ya kawaida kama ya mbuzi, hawanyolewi, watafutie kupe basi. Wanaonyolewa ni wa sufu, Merino na Corriedale wanaofugwa bara kwenye baridi, upande wa Molo. Hao ni mara moja kwa mwaka, sufu ikiwa kavu.

Pesa ya mashine nunua magunia safi na sufi ya kujazia matandiko. Kisha wapige picha hao punda wawili mgongoni, karibu, na nyuma ya bega inakopita kamba, uziweke hapa. Nitaziangalia leo usiku nikitoka msikitini.