Vazi la katuni kwenye feri ya Likoni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Likoni. Sisi wapenzi wa anime, katuni za Kijapani, tumechanga pesa, tumekodi ukumbi Tudor, kila mtu aje amevaa kama mhusika wake. Nimeshona joho, nimetengeneza deraya ya maboksi na upanga wa mbao. Mama asema nikivuka feri hivyo nitamwaibisha. Nivalie nyumbani au huko?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kavalie huko. Hata Tokyo, kwenye Comiket, mkutano ulioanzishwa na mashabiki wa katuni Desemba 1975 kwa vikundi 32 na watu kama 700, kanuni ndiyo hiyo: huji na vazi mwilini, wabadilisha ndani. Basi tengeni chumba cha kubadilishia, wasichana chao na wavulana chao.

Upanga ufunge ndani ya leso, na ukiulizwa kivukoni ufungue bila ubishi. Afadhali hata huo uuache, utengeneze mwengine wa sponji.

Linalonitia wasiwasi hasa ni hayo maboksi. Kwa jasho letu hili yatakuwa uji kabla ya adhuhuri! Tafuta slipa kuukuu. Zile zinazookotwa ufuoni watu huzichonga twiga na kasa. Deraya itashindikana vipi? Zikate kwa wembe mkali, uzigandishe kwa gundi ya mafundi viatu, dirisha likiwa wazi.

Na joho mpe mama alirudie pindo. Picha nimeiona, limekwenda kombo.